Garnacha ya Gredos, imeletwa ya moto!

Nilishabonyeza nyota moja kabla sijaandika neno. Nikafuta. Hasira bado ninayo, mnivumilie.

Ilikuwa kiangazi, Madrid inawaka, hata saa nne usiku ukiugusa ukuta una joto. Wifi yangu kaja kunitembelea, nikamwambia leo nakutoa ushamba, tuachane na mvinyo wa sukari tuliouzoea. Mgahawani nikaagiza Garnacha, mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilo hilo, ya kutoka Gredos, ile milima ya magharibi mwa jiji. Huko mizabibu mingine ina umri wa bibi zetu, haijafungwa kwenye nyaya, imesimama yenyewe kama vichaka kwenye mchanga wa graniti, mita 1,000 na kitu. (Najua, Dodoma nayo iko juu hivyo hivyo. Ila usiku wa Gredos una baridi ya kweli, na baridi hiyo ndiyo inayoulinda uchachu wa zabibu.)

Chupa euro 38. Mhudumu akaishusha kutoka rafu iliyo juu ya mashine ya kahawa. Juu ya mashine ya kahawa! Kuishika, vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto. Na Garnacha ina kilevi kingi, hii ilikuwa asilimia 14.5, ikipata joto, kilevi ndicho kinachotangulia puani. Wifi akanusa, akaniangalia. "Wifi, hii mbona kama spiriti ya hospitali?"

Nikaomba ndoo ya barafu, kwa upole kabisa. Yule kijana akacheka, akatangaza kwa sauti ya kutosha meza tatu kwamba mvinyo mwekundu hauwekwi barafu, na kama señora anataka vya baridi, sangria ipo, ule mvinyo wa kuchanganywa na matunda. Sangria! Sijui ni sura yangu, sijui ni lafudhi. Akaenda, akarudi na glasi ya vipande vya barafu, akaibwaga mezani. Nitumbukize mwenyewe.

"Achana naye wifi, tunywe twende zetu."

Sikuachana naye. Nikamwaga barafu yote kwenye jagi la maji, nikaisimamisha chupa humo, nikakunja mikono.

Dakika kama ishirini hivi. Jamani. Rangi nyepesi, vidole unaviona upande wa pili wa glasi. Komamanga, ganda la chungwa, halafu kwa nyuma ile harufu ya majani makavu yakinyeshewa. Unapita mwepesi, umeshaumeza na bado uko mdomoni. Wifi, mtu wa soda huyu, akanyamaza. Akajimiminia ya pili bila kuniuliza.

Basi mvinyo nyota tano, hilo halina ubishi. Mgahawa nilitaka kuwaambia msikanyage, lakini chupa ya namna hii kwa bei hiyo sijaiona kwingine hapa mjini, kwa hiyo nendeni, ila iguseni kabla haijafunguliwa.

Au hapana, msiende. Nimeitoa risiti mkobani sasa hivi, mstari wa mwisho: barafu, euro 1.