Foamu au balsa kwa anayejifunza mitindo ya angani Tanga?

Mtu akishazoea kurusha na kutua ndege ndogo za rimoti, swali ni lile lile, nianze mitindo mikali na ndege ya foamu au ya balsa, ule mbao mwepesi? Mi nasema inategemea.

Bei foamu inashinda bila ubishi. Bawa la EPP, ile foamu inayonyumbulika, likigonga chini linapinda linarudi, likichanika unatia gundi, jioni hiyohiyo unarusha tena. Balsa ikianguka vibaya unaokota vijiti, halafu na hili jua letu la pwani ile plastiki ya juu inalegea inabidi uipige pasi upya.

Ila angani jamani balsa ni kitu kingine! Ukiilaza ubavu, bawa moja linatazama chini, usukani wa mkia ndo unazuia pua isishuke, na kwa vile mwili ni mgumu unachoamuru kwenye rimoti ndo unachopata, wakati foamu laini inajinyonga kidogo unabaki hujui kosa ni lako au la ndege. Kusi likivuma ndo usiseme, ndege nyepesi inasukumwa tu.

Kuning'inia wima pua juu, hiyo jifunzie foamu, maana uko karibu na ardhi na propela lazima ivute kuzidi uzito wa ndege nzima, ukichelewa kuongeza moto inakaa mkia.

Kama hela ni ya mawazo na huna wa kukuelekeza, chukua foamu. Una kiwanja kipana, unarusha alfajiri upepo umetulia na unapenda kukarabati, balsa itakufaa.