TAHADHARI: Mota za 5.5 kW zinauzwa Dodoma mjini kama 7.5

Wakuu, mnaotafuta mota za kukamulia alizeti, mwogopeni muuzaji mmoja wa Dodoma mjini anayeuza za 5.5 kW kama 7.5.

Tulivyopigwa: mota iko juu ya meza, rangi inang'aa, kibati cha maelezo kimegongwa safi kabisa, 7.5 kW, 15 A, mizunguko 1450 kwa dakika. Muuzaji akaiunga kwenye VFD (kifaa cha kuongoza spidi ya mota), akaipandisha hadi 50 Hz bila belti, kisha akaushika mkono wa mteja na kuubandika kwenye mwili wa mota: "Gusa bosi, baridi kama mtungi." Risiti ya EFD akatoa bila kuombwa. Nani angemshuku? Shafti 38 mm, kimo chake kutoka chini 132 mm, sawasawa. Kumbe vipimo hivyo 5.5 na 7.5 za poli nne (hizi za 1450) zinafanana, na tapeli analijua hilo vizuri.

Mzigo ulipoingia, mwili haushikiki, vanishi inanuka, na VFD kimya. Itatripu (ijizime) vipi wakati imewekewa 15 A za kwenye kibati? Waya wa ndani ni wa 11 A. Joto la waya hupanda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo hapo ni karibu mara 1.9. Akapigiwa simu: "Shusha hadi 25 Hz, itapoa." Uongo mchana kweupe! Feni iko kwenye shafti hiyohiyo, spidi ikishuka upepo unashuka, ila skrubu ya kukamulia inadai msukumo uleule. Ikachemka zaidi. Eti basi pandisha ovalodi (kikomo cha ampea) hadi 20 A! Huyu ni wa kuwekwa ndani, na zile mota zake zote zikamatwe, mtu anaua mtaji wa watu na bado anakujibu kwa dharau.

Pima matundu ya miguu, kufuata urefu wa shafti, kati kwa kati: fremu (saizi ya mwili) 132M, ya 7.5, ni 178 mm. Ukikuta 140 hiyo ni 132S, ya 5.5. Riveti za kibati zikiwa mpya kuliko mwili, achana nayo. Omu (ukinzani) kati ya ncha za waya za mota, U-V, V-W na W-U, zilingane. Ukipiga mega (kipima insulesheni), chomoa kwanza nyaya za VFD, la sivyo utaiua VFD. Na jaribio bila mzigo halithibitishi kitu.

Uliyeshanunua, weka 11 A kwenye VFD leo na upunguze mzigo. Piga picha futi ya kupimia ikiwa kwenye 140 pamoja na kibati, peleka na risiti Tume ya Ushindani.