Darasa la mazoezi ya wazee ufukweni Mwanza: mwalimu hodari, vipimo vya harakaharaka

Nina umri wa miaka 68, na kwa wiki 12 nimehudhuria darasa la mazoezi ya wazee linalofanyika kando ya ziwa, upande wa Capri Point, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa 12 asubuhi. Kipindi ni dakika 50, kwa hiyo wiki hutimiza zile dakika 150 za mazoezi ya wastani ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa watu wazima, wazee tukiwemo.

Mwalimu anaijua kazi yake. Hatukimbizwi, tunatembea kwa kasi ya kutoka jasho huku mazungumzo yakiendelea, kisha tunaketi na kuinuka kwenye benchi bila kushika chochote, mara 10, tunapumzika, mara 10 tena. Zoezi hilo huonekana la kitoto mpaka ulifanye. Faida yake kwa damu huanzia pajani, kwa sababu msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini inapokuwa dhaifu, na nafuu hiyo huendelea kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana ratiba ya kuruka siku naiunga mkono.

Kasoro ipo kwenye vipimo vya damu, ambavyo vimo ndani ya ada. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, hakijali umekula nini asubuhi, na changu kimeshuka kutoka asilimia 7.1 hadi 6.6, nakiamini, ingawa niseme kweli, ugali wa usiku nao nimeupunguza. Kwa trigliseridi, mafuta ya kwenye damu ambayo hupanda ukishakula, siamini. Mara ya kwanza tulipimwa tukiwa hatujala tangu jana yake; mara ya pili tulipimwa baada ya chai ya maziwa na maandazi, kisha mzee mwenzangu akaambiwa kwamba mazoezi hayajamsaidia.

Zito zaidi ni kwamba hakuna aliyetuuliza dawa tunazotumia. Mama mmoja anayemeza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, alifika bila kula, akaanza kutetemeka na kutokwa na kijasho chembamba, na kilichomwokoa ni soda ya mchuuzi aliyekuwa akipita.

Nimelipia miezi mitatu mingine. Trigliseridi nitazipima mwenyewe kwenye maabara ya kule kwetu Nyegezi, nikiwa sijala, na mfukoni nitabeba glukosi kwa ajili ya yule mama.