Kozi ya kompyuta kwa walimu: Excel wamepatia, kanzidata wamelipua

Nilitumia wiki mbili za likizo ya Juni kwenye kituo kimoja cha kompyuta hapa Morogoro. Nilienda na daftari langu la alama lililochakaa, wanafunzi 94 wa Kidato cha Pili.

Excel, programu ya majedwali ya hesabu, pekee imenirudishia ada yangu. Mkufunzi, kijana mpole, hakutusomea nadharia. Alitaka tulete alama zetu halisi. Tukaandika fomula ya IF (yaani "kama"): 75 kwenda juu A, 65 B, 45 C, 30 D, zilizobaki F. Mimi nikaanza na 30. Darasa zima likapata D au F, hata binti mwenye 91! Kumbe fomula husoma masharti kwa mpangilio, ikikuta moja limetimia inaishia hapo. Nikaanza na 75, ikatulia. Na kupanga nafasi, kazi iliyokuwa ikinikesha, sasa ni fomula ya RANK tu na kuiburuta chini, mradi usisahau alama ya dola ($) ya kufunga safu isihame unapoburuta.

Kwenye Access, programu ya kanzidata (ya kuhifadhi taarifa kwenye majedwali yanayounganishwa), walituangusha. Alasiri moja, kompyuta 9 kwa watu 20, halafu umeme ukakatika. Nilichoambulia: kila mwanafunzi awe na namba yake, jina liandikwe mara moja, alama zikae jedwali lingine. Nina wawili wanaofanana majina hadi la babu, kwa hiyo nilielewa haraka.

Kompyuta yako kama si ya Windows, hiyo Access usiilipie, haitafanya kazi. Excel ningelipia tena kesho.