Kozi ya jioni ya Kijapani cha ofisini, Nagoya: nimeimaliza, naipa nyota 4

Wale mnaofanya kazi ofisini huku Japani naomba msome hii. Nimemaliza kozi ya wiki 8 inayofundisha jinsi ya kuita watu kazini, yaani majina na vyeo tu, na nimeridhika nayo sana.

Kilichonipeleka ni simu. Mteja kapiga anamtaka bosi, mi nikajibu kwa adabu zote Tanaka-bucho katoka, bucho ni mkuu wa idara. Kwa malezi yetu hapo si umempa mkubwa heshima yake? Kumbe ukiongea na mtu wa nje bosi wako anahesabika wa kwenu, mnashuka naye pamoja, kwahiyo unamtaja Tanaka basi, san (ile ya heshima nyuma ya jina) hamna, cheo hamna, au unatanguliza cheo, "bucho no Tanaka", maana cheo kikikaa nyuma ya jina ndo kinakuwa heshima. Hili tumelirudia wiki mbili nzima, mwalimu anaigiza kupiga simu, mara ni mteja, mara ni mke wa bosi, na akiwa mke wa bosi heshima inarudi yote, kwasababu hapo mzee ni wa kwao! Kuanzia siku hiyo nikaelewa, na simu siogopi tena.

Kingine nilichokipenda, wametuzuia kabisa kumwita mkubwa "anata" kisa tu kitabu kinasema ni wewe, unamwita kwa cheo chake. Na sensei ni wa kumwita mwenzio, mwalimu, daktari, wakili, ila kama wewe ni mwalimu, ukijitaja mwenyewe unasema kyoshi.

Nyota moja nimeikata kwenye imeili. Somo lilikimbizwa siku moja, "bucho-sama" ni kosa (sama ni kama san ila ya heshima zaidi), andika "bucho Tanaka-sama", barua ya kampuni weka onchu, ndo sama ya kampuni, tukaaga, mazoezi hakuna, na ndo kitu tunachofanya kila siku jamani. Pia hawajagusia kwamba siku hizi zipo kampuni wanaitana san wote mpaka shacho (mkuu wa kampuni) mwenyewe, kwahiyo sikiliza kwanza wenzio ofisini wanaitanaje.

Karatasi zao zina kanji (herufi za asili ya Kichina) tupu bila furigana, vile viherufi vya kuonyesha matamshi, kama hujafika N4 ya mtihani wa Kijapani wa JLPT subiri kidogo. Darasa linaanza saa 1 jioni, na ukichelewa sana hawakurudii ya mwanzo.