Vipande vya risasi (metali, si ya bunduki) vya balansi ya magurudumu, kutoka soko la Kisekka: nyota nne

Bagi yangu, kigari cha kuchezea cha rimoti, ni ya kipimo cha 1/10 cha gari halisi, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na mota imekaa hukohuko nyuma. Ninaikimbiza hapa Bombo, Uganda, kwenye uwanja wa murram (udongo mwekundu wa changarawe) tuliousawazisha wenyewe kwa majembe. Asubuhi udongo ukiwa na unyevu unashika sana, na hapo ndipo taabu huanza: ukivuta triga kutoka kwenye kona, pua inanyanyuka, magurudumu ya mbele yanakosa mshiko, gari linapitiliza hadi majanini. Linataka uzito mbele.

Vipande vya shaba ya manjano vinavyotengenezwa kwa kazi hii lazima uviagize nje, na usafiri unameza pesa kuliko kipande chenyewe. Nikapanda teksi hadi Kampala, nikaingia soko la Kisekka kwa wauza vipuri, nikanunua ukanda wa vipande vya uzito vyenye gundi, vinavyobandikwa kwenye magurudumu ya magari halisi ili yazunguke sawasawa: vipande vinne vya gramu 5 na vinne vya gramu 10, jumla gramu 60, kwa shilingi 7,000. "Ssebo (bwana), ni gari gani?" muuzaji akauliza. Nilipomwonyesha picha kwenye simu aliacha shughuli zake, akanitandikia aina mbili nichague.

Nendeni na sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma. Mnachotaka ni risasi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya chuma haifiki 8, kwa hiyo kipande cha chuma cha uzito uleule ni kinene zaidi, na chini ya bagi kila milimita ina kazi yake. Risasi pia inakatika kwa kisu.

Nilibandika gramu 30 chini ya bampa, nikapima kwa mizani mbili za jikoni, moja chini ya kila ekseli. Mbele ilikuwa 510, ikawa 544. Nyuma ilikuwa 1,050, ikashuka hadi 1,046. Gramu 30 zimezaa 34! Bampa imetangulia ekseli ya mbele, kwa hiyo uzito ule unakandamiza pua na kuunyanyua mkia kidogo, kama mtaimbo juu ya jiwe.

Uwanjani pua ilitulia mara moja, bagi ikawa inaingia kona pale ninapoielekeza. Lakini jua lilipopanda na vumbi likakauka, mkia ukaanza kutupa. "Mjomba, mkia unataka kukupita," mpwa wangu akasema, na alisema kweli.

Kisha gundi ikanivunja moyo. Ruka la pili, kipande cha gramu 10 kikabanduka; tulipekua majani mpaka adhuhuri bila kukiona. Gundi hii haivumilii vumbi wala mafuta hata kidogo. Siku hizi ninasugua plastiki kwa spiriti, ninaacha ikauke, ninabandika, halafu ninazungushia utepe wa umeme juu yake. Utepe huo pia unazuia risasi isiguse nyaya.

Zile gramu 20 zilizosalia nilizihamishia chini ya servo, kile kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele, nyuma kidogo ya ekseli ya mbele, nikakaza springi za mbele kwa sababu pua ilikuwa imeshuka milimita 2. Hapo ndipo zilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Asubuhi bagi inakata kona, mchana mkia unatulia.

Risasi ni sumu, jamani. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, na watoto wasichezee vile vipande wala yale mabaki ya kisu.

Ukanda mmoja umetosha bagi mbili, yangu na ya mpwa wangu aliyechukua gramu 20, na gramu 10 bado ziko kwenye kopo. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya gundi. Nikirudi Kisekka nitanunua kanda mbili zaidi, kwa muuzaji yuleyule.