Tubbataha kwa meli ya wazamiaji: uzoefu wangu na mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Tubbataha haiendeki asubuhi ukarudi jioni. Miamba hii iko katikati ya Bahari ya Sulu, kilomita 150 hivi kusini-mashariki mwa Puerto Princesa, Palawan, nchini Ufilipino. Huko hakuna hoteli wala gati. Unapanda meli jioni, inakata maji usiku kucha kwa saa 10 hadi 12, na kunapokucha mnaanza kuzamia. Kula, kulala na kuzamia ni kwenye meli hiyo hiyo hadi siku ya kurudi. Ndiyo maana nahukumu vitu viwili mbali mbali. Mwamba naupa nyota zote 5. Meli niliyopanda naipa 4, na nyota iliyopungua inahusu mitungi ya hewa, nitaieleza.

Msimu ni mfupi, kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Juni, kwa sababu nje ya hapo pepo na mawimbi haviruhusu. Mwanzoni mwa msimu njiani huweza kuchafuka kidogo, na kwa kawaida Aprili na Mei bahari huwa shwari zaidi. Dawa ya kichefuchefu inywe saa moja kabla ya kung'oa nanga. Tumbo likishagoma, kidonge hakisaidii tena. Ukipewa nafasi ya kuchagua chumba, chukua cha chini katikati ya meli, hata kama hakina dirisha. Kabla ya kuchagua tarehe, angalia pia mwezi. Siku za bamvua mkondo huwa mkali na papa huonekana wengi, lakini siku za maji mafu ndizo zinazomfaa mtu ambaye hajazoea kuzamia huku akichukuliwa na maji. Mimi ningemshauri asiyekuwa na mbizi 50 nyuma yake aanzie mahali pengine kwanza.

Sasa mitungi. Meli nyingi zinazokwenda huko hutoa nitroksi ya asilimia 32, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni hadi kiwango hicho, na kwa ratiba ya mbizi 3 au 4 kwa siku naiona ni ya lazima, maana naitrojeni inayobaki mwilini hupungua. Kila mtungi upime mwenyewe. Kwanza rekebisha kipimo cha oksijeni kwa hewa ya kawaida mpaka kisome 20.9. Kisha fungua vali kidogo sana, acha hewa ipite taratibu kwa dakika nzima hadi namba itulie, ndipo uandike kwenye utepe: asilimia, kina cha mwisho, bar (shinikizo la mtungi), tarehe na jina lako. Ukifungua kwa nguvu, shinikizo hukandamiza sensa na namba hupanda kwa uongo. Sensa ikiingia unyevu, namba hucheza tu bila kutulia. Kwa asilimia 32 kikomo cha kushuka ni mita 33, lakini mtungi uliosoma 36 kikomo chake ni mita 28, na kwenye ukuta wa mwamba unaoshuka hadi kizani tofauti hiyo si ndogo. Kompyuta ya kuzamia nayo iwekwe asilimia uliyoisoma kwenye kipimo, hata kama meli imekuambia nyingine. Baadhi ya kompyuta hurudi zenyewe kwenye 21 usiku, kwa hiyo hakiki kila asubuhi.

Kasoro ya meli yangu ilikuwa ujazo. Mitungi ya alumini ya lita 11.1 ilijazwa haraka kati ya mbizi na mbizi, ikawa ya moto, na ilipopoa bar 200 zilishuka hadi 180. Hesabu yake ni hii: mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji hutumia lita 70 akiwa mita 25. Kutoka bar 200 hadi 50 anapata dakika 24 hivi. Kutoka 180 anapata chini ya 21. Akipambana na mkondo hata hizo hazifiki. Nilipoomba mtungi wa lita 15, ilikuwepo miwili tu na yote ilikuwa imeshachukuliwa. Ukiwa mtu wa kutumia hewa nyingi, omba huo tangu siku ya kulipa amana na upate jibu la maandishi. Jingine: mtungi wa alumini hupungua uzito wa kilo 2 hivi kadiri hewa inavyotumika, na mwishoni huanza kukuvuta juu. Pima risasi za mkanda (vipande vizito vya kukuzamisha) ukiwa na bar 50, usipime ukiwa na mtungi uliojaa.

Kwa upande wa uendeshaji majini, mabaharia wanastahili sifa. Kabla ya kila mbizi kiongozi alishuka peke yake na miwani na mapezi tu kutazama mkondo unakwenda wapi, ndipo mashua ya mpira ikapeleka watu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kuingia ni kwa kujiangusha kinyumenyume, jaketi la kuelea likiwa halina hewa kabisa, na kushuka moja kwa moja hadi mita 5 au zaidi. Anayebaki juu kurekebisha miwani husukumwa mbali na kundi ndani ya dakika moja. Chini, jikinge karibu na ukuta. Mapovu yako yakianza kushuka badala ya kupanda, na samaki wadogo wote wameelekeza vichwa juu, huo ni mkondo wa kushuka. Usijaribu kuogelea wima kwenda juu. Ogelea kwa ulalo kutoka ukutani kwenda bahari wazi, ongeza hewa kwenye jaketi, na mkono ubaki kwenye kitufe cha kutoa hewa, kwa sababu mkondo ukikuachia utapaa kwa kasi.

Kilichonipeleka ni wanyama, na hapo sina la kupunguza. Shark Airport, kwenye atoli (mwamba wa mviringo) ya kaskazini, ni uwanja wa mchanga mweupe juu ya ukuta, na papa wa ncha nyeupe hulala hapo. Papa hawa huweza kupumua wakiwa wametulia: taya hufunguka na kufungwa polepole, matamvua hutanuka, na maji yanapita bila mwili kusogea. Ukitaka kumwona hivyo kwa karibu, mwendee kwa ubavu ukiwa sawa na usawa wa mchanga, toa pumzi kidogo kidogo, na usimame mita 4 au 5 kutoka alipo. Wapiga picha wengi hushuka kutoka juu yake, na ndiyo maana picha zao ni za mikia. Akianza kuinua kichwa, simama hapo hapo. Mara nyingi hukishusha tena.

Delsan Wreck, atoli ya kusini, ni pa kolekole na papa wa kijivu. Wanakusanyika pale mkondo unapogonga mwamba na kugawanyika, kwa hiyo wasubiri upande unaopokea maji, usiwatafute upande uliotulia. Jessie Beazley, mwamba mdogo ulio kaskazini zaidi, ni mahali pa kutazama bluu: jodari, mizia kwa makundi, na mara chache papa mwenye kichwa cha nyundo. Kasa wa kijani na ng'amba wako karibu kila mahali. Papa potwe na manta ni bahati. Meli inayokuahidi hao usiiamini. Jambo ambalo watu hulipita haraka ni matumbawe ya mita 5 hadi 10, kwenye ukingo wa juu. Tumia dakika zako za mwisho hapo, ambako mwanga bado una rangi nyekundu na hewa hudumu.

Wingi huu una sababu. Eneo lilitangazwa hifadhi mwaka 1988, likaingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1993, na sasa lina hekta 97,030 ambamo uvuvi ni marufuku. Askari wa hifadhi hukaa huko mwaka mzima kwa zamu, kwenye kituo kilichojengwa juu ya fungu la mchanga. Haja ya kinga hiyo ilidhihirika Januari 2013, meli ya kivita ya Marekani USS Guardian ilipopanda mwamba wa atoli ya kusini na kuharibu zaidi ya mita za mraba 2,300. Kwa hiyo sheria zikisomwa usiku wa kwanza, zisikilize: glavu haziruhusiwi, kugusa na kuokota chochote ni kosa, na kwenye kisiwa cha ndege wa baharini hakutiwi mguu. Ada ya hifadhi kwa kawaida hulipwa mbali na bei ya meli, basi uliza mapema.

Boya la kuashiria kila mtu awe na lake, la urefu wa mita 1.5 au zaidi, na kamba ya mita 15 kwenye kibiringo chake. Lifungue ukiwa bado na bar 70, kabla ya kusimama kwa usalama dakika 3 kwenye mita 5. Hakikisha kamba haijashika mshipi wowote, lipulizie hewa kidogo likiwa mbali na mwili, kisha liachie. Kibiringo kikikwama, kiachie nacho. Boya unaweza kununua jingine.

Meli hurudi Puerto Princesa asubuhi, na wapo wanaokata tiketi ya ndege ya mchana huo. Baada ya mbizi nyingi mfululizo ni saa 18 angalau kabla ya kuruka, hivyo lala mjini usiku mmoja. Nunua bima ya wazamiaji inayolipia usafiri wa dharura na tiba ya chumba cha shinikizo. Na kwa kuwa bandari iko saa 10 au zaidi, waulize wana lita ngapi za oksijeni ya dharura. Mgonjwa anayepewa lita 15 kwa dakika hutumia lita 9,000 kwa saa 10. Mtungi wa lita 50 kwa bar 200 una lita 10,000. Ule mdogo wa lita 5, unaoonyeshwa kwa fahari kwenye picha za matangazo, unaisha kabla ya saa moja na nusu. Meli itakayojibu "oksijeni ipo" bila kutaja lita, usiilipe amana.